Upande wa Urho

Barua ya halmashauri ilisema: kishikio kimoja,
ngazi ya ndani, upande wa kulia, sentimita tisini.
Sahihi, muhuri, namba ya faili.
Nikafika Iisalmi saa nne asubuhi, giza ndiyo kwanza linang'oka,
na Hilkka, miaka themanini na sita,
ameshaifagia theluji mlangoni kwa mkono mmoja.
"Ungechelewa," akasema, "ningeifagia tena."

Mkono wa kulia kiharusi kimeuacha kama glavu tupu.
Mwanawe yuko Turku. Hupiga simu kila Jumapili,
na kila Jumapili hulitaja lile jengo jipya
lenye lifti, lenye kengele kila kitanda,
lenye supu saa sita kamili.
"Supu saa sita," Hilkka akacheka puani.
"Njaa yangu mimi haijui kusoma saa."

Nikatoa futikamba, pimamaji, keekee.
Miaka kumi na tisa nazipima nyumba za wazee,
kina cha kidato, upana wa mlango, kimo cha beseni,
na bado sijapata futi ya kupimia
jinsi mtu anavyoijua nyumba yake gizani.

Ukuta ule ulikuwa umeshapimwa.
Juu ya karatasi ya maua yaliyopauka,
upande wa kulia, mstari mweusi wa mafuta ya kiganja
ulipanda na ngazi, kidato kwa kidato:
miaka hamsini na mitatu ya kwenda kulala.
Na kushoto mstari mwingine,
wa juu zaidi, mpana zaidi, umekwaruzika penye kona.

"Huo wa Urho. Alikuwa wa mkono wa kushoto.
Macho yalipomwisha, akawa anaupanda ukuta, siyo ngazi.
Nikiwa kitandani nausikia mkono wake ukija,
shh, shh,
kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani."

Nikaanza kutoboa kulia, kama ilivyoandikwa.
Akanitazama. Akapanga vidole vyake vya kushoto hewani,
akageuka, akapanga tena.
"Fundi, hebu simama.
Nikishuka, mkono huu mzima uko upande huo. Sawa.
Nikipanda je?
Hiyo barua yako inanishusha, hainipandishi.
Aliyeiandika alidhani nitashuka mara moja tu?"

Nikapiga simu ofisini. Sauti ya kijana, ya upole:
ombi jipya, fomu jipya, wiki sita, labda nane.
Wiki nane ni usiku hamsini na sita
wa kulala kwenye kochi, chini ya koti.

Garini nilikuwa na ufito wa msonobari,
nilioukata kwa ajili ya Veikko wa Sonkajärvi.
Nilipoupeleka nilikuta mapazia yamefungwa
na paka amechukuliwa na watu.
Tangu vuli ulikuwa unagongagonga nyuma ya kiti changu.
Nikauingiza ndani.

Sentimita tisini iliangukia juu ya alama kabisa.
"Usimfunike," Hilkka akasema. "Shuka vidole viwili."
Vya nani? Vyangu vinene.
Akaviweka vyake ukutani, nikapiga mstari kwa penseli.

Skrubu ya mwisho ilipokaza, hakungoja nikusanye vumbi.
Akashika, akapanda.
Nikamfuata kidato kimoja nyuma, mikono yangu mfukoni,
maana hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii:
kuwa karibu kiasi cha kudaka
na kutoshika.
Kiganja chake kikateleza juu ya mbao mpya.
Vidole viwili juu yake, ile njia ya mafuta.
Penye kona alisimama. Sikumuuliza.

Akashuka kwa upande wake. Akapanda tena, kwa makusudi tu.
"Nenda sasa," akasema kutoka juu, "baridi inaingia."

Kwenye karatasi niliandika: kishikio kimoja, upande wa kulia, tayari.
Nikakwangua barafu kiooni.
Dirishani kwake ghorofani taa iliwashwa mchana kweupe,
ikazimwa,
ikawashwa.